Mama Mkwe wa Ghala la Pili

Fridah Nanjala alikuwa mwoga, na afadhali tuliseme hilo mapema tusije tukambebesha ushujaa ambao mwenyewe angeukataa. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wenye pembe, aliogopa simu ikilia kabla ya jua kuchomoza. Zaidi ya vyote aliogopa watu wanaopaza sauti, na riziki yake, kwa mizaha yake, ikamtupa chini ya bwana Kipkosgei.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye maghala ya mahindi nje kidogo ya mji wa Kitale: maghala matatu ya mabati, ofisi moja ya matofali na mizani ya kupimia malori. Fridah alikuwa karani wa dawa. Mahindi yakifukizwa ili kuua dumuzi, wadudu wanaotoboa nafaka, yeye ndiye aliyeandika siku ya kuweka dawa na siku ya kufungua ghala. Dawa hiyo si ya kuchezea. Ni vidonge vidogo vya kijivu ambavyo vikiwekwa chini ya turubai hutoa hewa isiyoonekana kwa macho. Dumuzi hufa, panya hufa, na mtu akiivuta vya kutosha hufa vilevile. Ndiyo maana ghala hufungwa siku saba, kisha milango huachwa wazi kwanza upepo upite, ndipo mtu aingie. Miaka kumi na mmoja Fridah hakuwahi kukosea tarehe hata moja. Woga ulimfanya azihesabu siku mara tatu tatu.

Sasa wenzake. Bwana Kipkosgei, meneja, alikuwa mtu wa kufoka. Hakuwa mbaya wa roho, maana alikuwa akichangia kila harambee ya wafanyakazi, lakini ukimpelekea tatizo aliliona kama tusi. "Usiniletee shida," alikuwa akisema, "niletee lori limejaa." Rosaline, karani wa ofisi, alikuwa mtu wa kukubali. Ungemwambia leo ni Jumapili angesema sawa, na anayekuja nyuma yako akimwambia ni Jumatano angesema sawa pia. Festus wa mizani alikuwa mtu wa mzaha, wa asubuhi mpaka jioni, kwenye furaha na kwenye matanga. Halafu kulikuwa na Mukhisa, mtunza maghala, kijana mrefu wa kutoka Naitiri, ambaye kitu kinaitwa kungoja hakikuumbwa ndani yake. Chai aliinywa ingali inaunguza.

Mwaka mmoja makao makuu yalituma karatasi, kila mtu ajaze tabia yake kwa kuweka alama: mimi ni mtu wa kuongoza, mimi ni mtu wa kushirikiana, mimi ni mtulivu, na kadhalika. Fridah akaweka alama kwenye mtulivu. Festus alichungulia begani kwake akasema, "Ni vile tu hawakuweka kisanduku cha waoga, bana. Ungekiandika kwa wino mwekundu." Wakacheka wote, na Fridah akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Zamani Fridah na Mukhisa walikuwa marafiki. Walikaa benchi moja saa nne, wakigawana mandazi, wakisengenya bei za mbolea. Kisha Lenah, binti wa Fridah, akaja siku moja kumletea mama yake mwavuli, na Mukhisa akauona huo mwavuli na aliyeushika. Miezi minane baadaye wazee kutoka Naitiri walikuwa wamekaa sebuleni kwa Fridah kule Bokoli, wakizungumza habari za ng'ombe.

Tangu siku hiyo urafiki ulikwisha. Siku hizi makanisani watu wengi wanawapa wakwe zao mikono kama kawaida, lakini Fridah alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha ukwe wa Kibukusu ule mkali: mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawapishani kwenye mlango mmoja. Mmoja akitokea, mwingine ajifiche. Mukhisa naye alilelewa hivyohivyo. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi mahali pamoja, mmoja akiandika tarehe za maghala na mwingine akishika funguo za maghala hayohayo, walianza kuishi kama jua na mwezi. Mukhisa akiingia ofisini, Fridah alitokea mlango wa nyuma. Mkutano wa asubuhi Fridah aliusikiliza akiwa nje, amesimama chini ya dirisha na daftari lake. Akiwa na neno la kumwambia mkwewe, alimtuma Festus.

Ndiyo. Festus. Katika watu wote pale, maneno ya kazi yenye kifo ndani yake yalipitia kinywa cha Festus. Miaka miwili mambo yalienda salama, na mambo yakienda salama hakuna anayeuliza.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita Fridah alikuta turubai la ghala la pili limetobolewa na panya. Dawa ilikuwa imewekwa Alhamisi iliyopita, kwa hiyo ghala lilikuwa lifunguliwe Alhamisi hii. Lakini hewa ilikuwa imevuja. Akawaita mafundi wa dawa, wakaja mchana huohuo, wakaziba tundu, wakaweka vidonge vipya. Hesabu ikaanza upya: lisifunguliwe mpaka Jumatatu ijayo. Mukhisa hakuwepo. Alikuwa amempeleka Lenah kliniki Bungoma, maana Lenah alikuwa na mimba ya miezi minane.

Fridah aliandika daftarini. Ilibaki kubadilisha tarehe kwenye ubao mweusi uliotundikwa mlangoni pa ghala, na chaki ilikwisha. Kesho, alijiambia. Kesho yake Mukhisa alikuwa amerudi, na alikuwa ameketi kwenye kiti chake palepale mlangoni, chini ya ubao. Fridah alizunguka na chaki yake mfukoni mara nne siku ile. Kila alipochungulia kona, aliziona zile buti ndefu, akarudi. Mwishowe akamwita Festus.

"Mwambie mkwe, ghala la pili ni mpaka Jumatatu. Dawa ni mpya. Umesikia? Mpya."

"Nimesikia, Mama Lenah. Mpya kama kiatu ya Krismasi."

Festus akaenda. Fridah, kutoka nyuma ya mizani, alimwona akirusha mikono, akashika koo, akajiangusha chini kama dumuzi anayekufa. Alimwona Mukhisa akicheka mpaka akajifuta macho. Fridah naye akaridhika. Ujumbe umefika, alijiambia. Jumatano Mukhisa alikaa palepale tena, na chaki ikabaki mfukoni.

Alhamisi asubuhi Fridah alisimama chini ya dirisha lake wakati wa mkutano, na akasikia sauti ya Kipkosgei ikitikisa vioo. Kulikuwa na chuo kimoja Bungoma kilichokuwa kikitaka mahindi, na meneja alikuwa akienda kuonana na mkuu wa chuo asubuhi hiyohiyo.

"Lori inafika hapa saa nne! Saa nane nataka iko Bungoma! Mukhisa, ni stoo gani iko tayari?"

"Ya pili, boss. Inafunguliwa leo. Ubao unasema leo."

"Basi fungua, toa turubai, watu wapakie. Kuna mtu ana swali?"

Fridah alikuwa na swali. Akitaka kusema ilimbidi atokeze kichwa dirishani, na Mukhisa ndiye aliyekuwa amekaa akitazama dirisha. Na hata kama asingekuwepo, kulikuwa na huyo mwingine mwenye sauti. Nitamwambia akitoka nje, alijiambia.

Kipkosgei alitoka mbio. Fridah alimfikia akiwa tayari ameingia kwenye pikapu yake.

"Bwana meneja, samahani, ile ya pili..."

"Fridah, si leo."

"Ile dawa, tuliweka ingine Jumatatu, bado..."

"Fridah! Mimi niko barabarani. Ongea na Rosaline!" Vumbi likamfunika.

Akaenda kwa Rosaline. Rosaline alimsikiliza kwa huruma kabisa, mkono shavuni. "Sawa," akasema. "Basi nitamwambia Mukhisa angoje. Lakini si meneja amesema wapakie?"

"Amesema, lakini hajui."

"Sawa. Lakini akipata hawajapakia?"

"Rosaline, watu watakufa!"

"Sawa, sawa. Acha nimpigie meneja kwanza." Akapiga. Simu ya meneja ilikuwa inatumika. Rosaline akaweka simu mezani akaitazama, kama mtu aliyekwisha kufanya sehemu yake.

Fridah aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Lori ni saa nne. Kuna nusu saa, alijiambia, wapakiaji bado wako kwenye kibanda cha chai. Alikuwa amewahesabu: sita, wote wako kibandani. Hakuna mtu ghalani. Akavuta pumzi. Kisha akakumbuka Mukhisa ni mtu wa namna gani.

Mtu mwingine angengoja lori, akaja na wapakiaji, na milango mikubwa yote miwili ingefunguliwa kwa upana. Mukhisa asingengoja lori. Mukhisa angeingia peke yake kupitia mlango mdogo, na tochi, akaanza kuvua turubai ili lori likifika lisipoteze dakika.

Fridah alikimbia. Wanawake wa miaka arobaini na tisa hawakimbii ovyo Kitale, na wapakiaji walisimama na vikombe vyao wakishangaa. Kufuli ya mlango mdogo ilikuwa inaning'inia wazi. Alipoukaribia, harufu ikampiga, ile ya kitunguu saumu kilichooza.

Ndani kulikuwa na giza. Mbali, katikati ya marundo ya magunia, tochi ilikuwa ikicheza, na turubai lilikuwa likikwaruza sakafuni likivutwa.

Alifungua kinywa. Jina la mkwe mtu halitamki, bibi yake alisema. "Wewe!" akaita. "Wewe huko ndani! Toka!"

Turubai likanyamaza. Tochi ikasimama. Halafu, Mungu wangu, tochi ikaanza kurudi nyuma. Ilipita nyuma ya rundo, ikaenda mbali zaidi, mpaka kwenye kona ya mwisho kabisa. Na sauti ya Mukhisa ikaja, ya adabu, ya kijana aliyelelewa vizuri:

"Pita tu, Mama. Nimejificha huku."

Fridah alimwelewa. Mukhisa alisikia sauti ya mama mkwe, akafanya kile ambacho kila mkwe mwenye heshima angefanya.

"Usijifiche! Dawa ni mpya! Toka nje!"

"Ile maneno ya Festus?" Akakohoa. "Hiyo si ilikuwa mzaha..." Akakohoa tena, kikohozi kirefu. "Sawa, Mama. Nitatoka. Wewe toka kwa mlango kwanza, nipite."

Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja na yeye ndiye aliyekuwa ameuziba. Na hapa ndipo Fridah alipofanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka huweka chini chochote alichoshika. Alitii desturi. Alitoka mlangoni, akazunguka kona ya ghala, akageukia ukuta, akafunika uso kwa leso, akangoja mkwewe apite. Akahesabu. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Kumi. Sikio lake lote lilikuwa likitafuta kishindo cha buti. Kumi na tano. Ishirini.

Hakuna buti.

Alirudi mlangoni. "Mukhisa!"

Jina lilimtoka kwa sauti ambayo hakujua anayo. Hakuna aliyejibu. Tochi ilikuwa sakafuni, inamulika mabati, haisogei.

Vifuniko vya uso vya kuzuia dawa vilikuwepo, vinne, vizuri kabisa. Vilikuwa kabatini kwa meneja, chini ya kufuli, visije vikaibwa, na ufunguo ulikuwa njiani kuelekea Bungoma. Fridah alijua leso haizuii hewa ile. Alijua pia ni nani aliyetembea siku mbili na chaki mfukoni. Akilini alimwona Lenah na lile tumbo lake, Lenah akiuliza. Alivuta pumzi ya nje, akaifunga kifuani, akaingia.

Hakuwa ameacha kuogopa. Aliogopa kila hatua. Aligonga rundo, akajikwaa kwenye turubai, akaangukia magoti, akanyanyuka, na pumzi ilikuwa imeanza kumchoma mbavu. Alimpata kwa kumpapasa. Alikuwa amekaa, mgongo umeegemea gunia, uso ameuelekeza ukutani kama mtu anayengoja mama mkwe apite. Fridah alimshika chini ya makwapa. Mkwe wake, kifua chake, jasho lake. Akamvuta. Kijana alikuwa mzito na buti zilikuwa zinakwama kwenye turubai. Katikati ya njia pumzi ikamwishia, akavuta ya ndani, kidogo, na kidogo hiyo ikatosha kichwa kumzunguka. Akavuta mkwe. Akavuta pumzi tena. Akalia kwa sauti, na bado akavuta.

Mikono mingine iliwapokea mlangoni. Ilikuwa ya Festus. Akamlaza Mukhisa kwenye nyasi, akamfungua shati, akampepea kwa kofia, na katika muda wote huo hakusema neno hata moja la kuchekesha. Midomo ya Mukhisa ilikuwa imebadilika rangi. Lori la kubeba mahindi lilikuwa linaingia getini. Wapakiaji wakampakia yeye.

Hospitalini hapo Kitale daktari alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye sauti ya chini. Alimwambia Fridah ukweli, kwa sababu Fridah alimwomba. Sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Watampa hewa ya mtungi, watalinda moyo, na watangoja. Leo na kesho ndizo siku za kuogopa.

"Na wewe mama, lala kile kitanda. Umeivuta pia."

Fridah alitapika mara tatu, akalala, akaamka, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mkwe. Hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye mwenyewe hakuondoka. Mukhisa alikuwa amefumba macho. Kifua kilipanda, kikakawia, kikashuka. Kila kilipokawia, Fridah naye aliacha kupumua.

Alasiri Kipkosgei akafika kutoka Bungoma. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda mahali. "Ulikuwa unataka kuniambia," akasema. "Pale kwa gari."

"Ndiyo."

"Mimi nikakataa kusikia."

"Ndiyo," Fridah akasema, na hakumwongezea neno la kumfariji. Kipkosgei akakaa nje kwenye benchi na Festus na Rosaline.

Ijumaa asubuhi Lenah aliletwa na shemeji yake kutoka Naitiri. Aliingia ameshika kiuno, akamtazama mumewe, kisha akamwona mama yake ameketi karibu na kichwa cha mumewe, mahali ambapo mama mkwe hawezi kuketi. Akaelewa ni makubwa.

"Mama, ilikuaje? Festus anasema ulimtoa wewe."

Fridah angeweza kuishia hapo. Ilikuwa sifa, na ya kweli. Lakini usiku kucha alikuwa ameogopa jambo moja kuliko kifo chenyewe, nalo ni kuwa mumewe Lenah atakufa na Lenah atamshukuru.

"Sikubadilisha tarehe kwa ubao," akasema. "Siku mbili. Kwa sababu alikuwa amekaa hapo. Na nilipomwita, akajificha, akaniambia nitoke mlangoni apite. Nikatoka. Nikasimama nje nikihesabu. Nilifika ishirini, Lenah, kabla sijaingia."

 Lenah alikuwa binti wa nyumba ile, alijua desturi yote, angefanya hivyohivyo na angefundisha watoto wake hivyohivyo. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Fridah alingoja alaumiwe, na lawama haikuja, na kule kutokuja kulimuumiza zaidi.

Ilikuwa karibu saa sita Mukhisa alipofumbua macho. Yalizunguka dari, yakashuka, yakamkuta Fridah. Kwa sekunde moja walitazamana. Halafu Mukhisa, na nguvu zote alizobakiwa nazo, akageuza uso ukutani kumpisha mama mkwe wake. Mpira wa hewa ukachomoka puani. Mtungi ukabaki ukivuma bure, na kifua chake kikaanza kuhangaika.

"Daktari!" Lenah akapiga kelele.

Fridah alikuwa amekwisha kuinuka. Alimshika mkwewe mashavu yote mawili kwa viganja, ngozi kwa ngozi, akamgeuza, akarudisha mpira mahali pake, akaushikilia hapo.

"Nitazame," akasema.

Mukhisa alifumba macho kwa aibu.

"Mukhisa, mtoto wangu, nitazame mimi. Wazee watasema watakachosema, tutachinja watakachotaka kutusafisha. Wewe nitazame."

Akafumbua. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni yakiingia masikioni, na alikuwa akimtazama, usoni kabisa, akipumua.

"Siku nyingine nikikuita," Fridah akasema, "usinipishe. Kuja."

"Nitakuja, Mama."

Daktari aliingia, akaangalia mashine, akaangalia mpira, akasema unaweza kumwachilia sasa mama, iko sawa. Fridah alimsikia. Mikono yake hakuiondoa.